Waziri wa kilimo wa jimbo: kazi yake ni ipi, cheo chake kilitoka wapi, na huku Nyanda za Juu Kusini nani anaifanya kazi hiyo?

MkulimaWaUporoto ameandika:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo katika ukanda wa Uporoto, Mkoa wa Mbeya. Mdogo wangu anasoma Kanada, katika jimbo la Saskatchewan, na siku moja tukiongea kwa simu alinieleza kwamba jimbo lile lina waziri wake wa kilimo, mbali kabisa na waziri wa kilimo wa nchi nzima aliyeko Ottawa. Jambo hilo limenikaa kichwani, kwa sababu nimezoea kuamini kwamba waziri wa kilimo ni mmoja, na kwamba akishasema Dodoma basi amesema kwa ajili yetu sote, wa Kyela kwenye kokoa na wa Makete kwenye ngano.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie katika mambo mawili. Kwanza, waziri wa namna hiyo alianzaje, na ana mamlaka gani hasa yanayomgusa mkulima? Pili, katika mkoa wetu ni nani aliyeshika kazi inayofanana na yake?

Siulizi kwa udadisi tu. Msimu uliopita nilisimama pembeni ya shamba langu nikimtazama kibarua wa mnunuzi akijaza gunia hadi mdomoni, kisha akashonea wavu juu yake na kuendelea kujaza mpaka likaota kichwa kirefu, na mimi nikalipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa, na hakuna mkulima wa viazi asiyeijua. Nilipotaka kulalamika, ofisi moja ilinielekeza nyingine: huku nikaambiwa ni suala la vipimo, kule nikaambiwa ni la halmashauri, kwingine nikaambiwa kwamba soko ni huria na ningeweza kukataa kuuza. Ndipo nikajiuliza kama kwa wenzetu mkulima huzungushwa hivyo hivyo, au kuna mtu mmoja anayewajibika.

MsomajiWaHistoria amejibu:

Ndugu Mkulima, swali lako la kwanza nitajaribu kulijibu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa jimbo alilokutajia mdogo wako ndilo lenye historia ya kuvutia kuliko yote katika jambo hili.

Msingi wa kisheria uko katika katiba ya Kanada ya mwaka 1867. Kifungu cha 95 kinasema kwamba bunge la shirikisho na mabunge ya majimbo yote yanaweza kutunga sheria kuhusu kilimo, ila sheria ya jimbo ikigongana na ya shirikisho, ya shirikisho ndiyo inayosimama. Mambo mengi mengine katika katiba ile yaligawanywa, hili likawa la huku na hili la kule, lakini kilimo, pamoja na uhamiaji, viliachwa mikononi mwa pande zote mbili. Kwa hiyo waziri wa kilimo wa jimbo si tawi la waziri wa Ottawa, wala hateuliwi naye. Huchaguliwa na waziri mkuu wa jimbo, kwa kawaida kutoka miongoni mwa wabunge wa bunge la jimbo, na ni bunge hilo linaloweza kumhoji na kumnyima fedha.

Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, lilikuwa na kamishna wa kilimo tangu mwanzo wa shirikisho, lakini cheo cha waziri wa kilimo kilianza mwaka 1888, akakishika kwanza Charles Drury, mkulima. Chuo cha kilimo cha Guelph kilikuwa tayari kimefunguliwa mwaka 1874. Tazameni pia kilichotokea baadaye: mwaka 1919 chama cha wakulima kiliingia madarakani katika jimbo hilo, na waziri mkuu akawa Ernest Drury, mtoto wa yule waziri wa kwanza.

Sasa tuje Saskatchewan. Mwaka 1901 wakulima wa ngano wa eneo lile, ambalo wakati huo halijawa jimbo, walivuna sana, lakini mabehewa ya treni hayakutosha. Sheria ya mwaka uliotangulia ilimruhusu mkulima kupakia ngano yake mwenyewe kwenye behewa bila kupitia kwa wenye maghala, ila wakala wa reli kituoni aliwapa wenye maghala kwanza, na mkulima akabaki na ngano yake ikinyeshewa theluji. Desemba mwaka huo wakulima walikutana katika mji mdogo wa Indian Head, wakaunda umoja wao chini ya William Richard Motherwell, mhitimu wa chuo kile kile cha Guelph. Mwaka 1902 umoja huo ulimshtaki wakala wa kituo cha Sintaluta kwa kuvunja utaratibu wa kugawa mabehewa. Alipatikana na hatia, kampuni ya reli ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, na huko pia ikashindwa.

Jimbo lilipoundwa mwaka 1905, aliyekabidhiwa kilimo alikuwa huyo huyo Motherwell. Aliongoza idara hiyo hadi mwaka 1918, na baadaye akawa waziri wa kilimo wa nchi nzima katika miaka ya 1920. Mpangilio huu wa mambo unastahili kuangaliwa vizuri: umoja wa wakulima ulitangulia, kesi ikafuata, na wizara ikaja mwisho. Waziri aliingia ofisini akiwa anadaiwa na watu waliomjua kwa jina na kwa shamba.

Alifanya nini huko? Kazi kubwa ilikuwa elimu ya shambani, yaani ugani, kwa kuwa wengi walikuwa wahamiaji wasiojua nchi kame yenye baridi kali. Kuanzia mwaka 1914 idara yake, ikishirikiana na chuo kikuu cha jimbo, ilipeleka treni ya mafunzo kutoka kituo hadi kituo. Ndani ya mabehewa hayo mlikuwa na ng'ombe wa maonyesho, mbegu, kuku, mitambo, masomo ya mapishi na hifadhi ya vyakula kwa akina mama, na hata sehemu ya kuwaangalia watoto wakati wazazi wao wanasikiliza. Mkulima alifika stesheni na familia yake nzima, akapanda, akajifunza, akarudi nyumbani jioni.

Si kila alichohimiza kilizaa matunda. Wataalamu wa wakati ule walisisitiza kuacha shamba bila mazao mwaka mmoja na kulilima lima ili lihifadhi unyevu, na udongo uliobaki wazi namna hiyo ulikuwa miongoni mwa uliopeperushwa na upepo wakati wa ukame wa miaka ya 1930. Mwaka 1935 serikali ya shirikisho ndiyo iliyoanzisha mpango wa kuokoa mashamba ya nyika zile, kwa sababu majimbo yalikuwa yameishiwa fedha.

Kwa sasa kazi ya waziri wa jimbo, kwa ufupi, ni ugani, sheria za ardhi ya kilimo, uendelezaji wa mifugo na mazao, na bima ya mazao. Hiyo bima ndiyo inayoonyesha vizuri namna mamlaka yanavyoshirikiana: katika gharama ya kawaida ya bima, mkulima hulipa asilimia 40, shirikisho asilimia 36 na jimbo asilimia 24, na anayeiendesha ni jimbo. Programu nyingine za pamoja za kipindi cha 2023 hadi 2028 zimegawanywa asilimia 60 kwa shirikisho na 40 kwa jimbo. Biashara ya nje iko Ottawa, na hapo waziri wa jimbo hubaki kupiga kelele kama sisi. Bodi ya ngano iliyowalazimu wakulima wa nyika kuuzia ngano yao kwake pekee ilipoondolewa ukiritimba huo mwaka 2012, uamuzi ulikuwa wa shirikisho, ingawa wakulima wenyewe walikuwa wamegawanyika vibaya juu ya jambo hilo.

BwanaShambaMstaafu amejibu:

Mwanangu Mkulima, na wewe Msomaji, nawashukuru kwa mjadala wa maana. Mimi nilikuwa bwana shamba katika Mkoa wa Iringa, wakati Njombe ingali ndani yake, nami nitasema juu ya upande wa kwetu, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba mkoa haujawahi kuwa na nguvu katika kilimo. Umewahi kuwa nayo, tena nyingi, na historia yake ina damu.

Wakati wa Mwingereza eneo letu lote, kuanzia Iringa hadi mpaka wa Nyasa, liliitwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, likiwa chini ya kamishna wa jimbo, na kando yake alikuwapo afisa kilimo wa jimbo. Hawakuwajibika kwa mkulima yeyote. Amri za kulima matuta na kuzuia mmomonyoko zilitoka kwao, na faini vilevile. Baada ya Uhuru majimbo yakavunjwa ikaja mikoa, na Mkuu wa Mkoa akawa mteule wa Rais na kiongozi wa chama kwa wakati mmoja, na enzi hizo aliingia bungeni kwa wadhifa wake.

Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ilikuwa nchi ya mahindi ya trekta, na wakulima wake wakubwa walikuwa wamefungua mapori tangu miaka ya 1950. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, ndiye aliyesimamia kuyageuza mashamba hayo kuwa ya vijiji vya ujamaa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971 alipigwa risasi na kufa katika shamba la Said Mwamwindi, ambaye baadaye alihukumiwa kunyongwa. Wazee wa Iringa wana maoni yao kuhusu siku ile, nami sitayaingiza hapa. Ninachotaka ulione ni kwamba hakukuwa na baraza lolote la mkoa ambamo mkulima wa Isimani angemsimamisha Mkuu wa Mkoa na kumuuliza mpango huu umeamuliwa wapi.

Haikupita hata nusu mwaka, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana hapo hapo Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Watu hulikumbuka kwa jina tu, lakini ndani yake mlikuwa na mambo ya shamba kabisa: mbegu bora, samadi, kupanda kwa nafasi, kupalilia mapema, jembe la kukokotwa na ng'ombe badala ya kusubiri trekta. Mwaka huo huo yakaja Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, wataalamu wa wizara wakahamishiwa mikoani, akawekwa Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa, na chini yake afisa wa maendeleo ya kilimo wa mkoa. Mkoa ukapewa fungu lake katika bajeti ya serikali. Kwa muundo, huyo afisa kilimo wa mkoa ndiye aliyekaribia zaidi waziri wa jimbo unayemuuliza: ana wataalamu, ana magari, ana mbolea, ana fedha.

Lakini aliwajibika kwenda juu. Karatasi ya utekelezaji tuliyoijaza ilikuwa na safu zake: ekari zilizolengwa, zilizolimwa, zilizopandwa, zilizopaliliwa, mifuko ya mbolea iliyopokelewa na iliyotumika. Ilijazwa kijijini, ikajumlishwa katani, wilayani, hadi mkoani, na kila ilipopanda ekari ziliongezeka. Sijui ziliongezewa mbolea gani njiani! Safu ya kuandika mkulima anasemaje haikuwamo.

Pamoja na hayo nisiwe mwizi wa fadhila. Mpango wa taifa wa mahindi ulioanza katikati ya miaka ya 1970, mbolea ya ruzuku, bei moja ya mahindi nchi nzima, lami ya barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, vyote kwa pamoja viliifanya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la taifa, zikaitwa mikoa minne mikubwa. Bei moja nchi nzima maana yake ni kwamba mkulima wa Sumbawanga hakukatwa gharama ya usafiri hadi Dar es Salaam. Hilo halikuamuliwa na mkoa wowote. Lilipoondolewa pamoja na ruzuku ya mbolea kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, nalo halikuamuliwa na mkoa, na mimi niliwaona wakulima niliowafundisha kutumia mbolea wakirudi kupanda bila mbolea.

WakiliWaForest amejibu:

Mzee wetu, shikamoo. Maelezo yako yananirahisishia kazi. Nitaongeza hali ilivyo kisheria leo.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Kisha ikaja Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ambayo iliupunguza mkoa kutoka kuwa mtekelezaji hadi kuwa mshauri na msimamizi. Kwa hiyo, Ndugu Mkulima, ukimtafuta mwenye dhamana ya kilimo katika ngazi ya mkoa, utampata katika Sekretarieti ya Mkoa, naye ni Katibu Tawala Msaidizi anayeshughulikia uchumi na uzalishaji. Ni mtumishi wa umma, si mwanasiasa, na hana wakulima wanaompigia kura wala fungu kubwa la kutekeleza miradi. Juu yake yuko Katibu Tawala wa Mkoa, na juu kabisa Mkuu wa Mkoa, ambaye kwa ibara ya 61 ya Katiba anasimamia shughuli zote za serikali katika mkoa wake. Anaweza kuagiza, na maagizo yake husikika, lakini hatungi sheria ndogo wala hatozi ushuru.

Ushuru wa mazao uko halmashauri. Tangu mwaka 2017 umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Bwana shamba wako naye ameajiriwa na halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, wakati sera, mbegu na ruzuku ya mbolea vipo Wizara ya Kilimo. Mfano mmoja unatosha kuonyesha hali hiyo: mwaka 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki na Wizara ya Kilimo, ilhali mwajiri wao, anayewapangia kazi na anayetarajiwa kuwapa mafuta ya pikipiki hizo, ni mwingine. Utafiti nao una mlango wake. Kituo cha utafiti cha Uyole, hapa Mbeya, kilichotupatia mahindi ya UH615 na aina kadhaa za maharage, kiko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, TARI, na hakipokei amri kutoka mkoani.

Kuna jambo ambalo watu wengi hupita juu yake. Jamhuri yetu ina mawaziri wawili wa kilimo tayari. Kilimo hakimo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoko kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, kwa hiyo Zanzibar ina waziri wake, anayetokana na Baraza la Wawakilishi na kuwajibika kwa baraza hilo, na karafuu ya Pemba inanunuliwa na shirika la serikali ya Zanzibar, si la Bara. Waziri aliyeko Dodoma, kwa kilimo chenyewe, ni waziri wa Bara. Kwa hiyo wazo la waziri wa kilimo wa sehemu ya nchi halihitaji kutafutwa Kanada. Liko ng'ambo ya bahari kidogo tu.

Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010 ilikabidhi kilimo kwa kaunti 47, ikabakisha sera tu kwa serikali ya taifa, na kila gavana huteua mjumbe wa kamati yake tendaji anayesimamia kilimo, baada ya kuidhinishwa na bunge la kaunti. Zaidi ya hapo, kaunti kwa pamoja zimehakikishiwa na katiba mgawo usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Afrika Kusini nayo, kwa katiba ya mwaka 1996, imekiweka kilimo mikononi mwa taifa na majimbo yake 9 kwa pamoja, karibu sawa na Kanada.

MamaWaMakambako amejibu:

Naomba nitofautiane na baadhi yenu kwa heshima. Ninanunua na kuuza mahindi hapa Makambako, na ninalima pia. Mnapozungumzia waziri wa mkoa, mimi ninaona kizuizi kingine cha barabarani. Leo hii nikitoka Njombe na lori la mahindi kwenda Mbeya ninapita halmashauri kadhaa, na kila geti linataka kuona risiti ya geti lililotangulia. Mkoa ukiwa na waziri wake na sheria zake, nani atamzuia asiseme kwamba mahindi ya Mbeya yasitoke Mbeya?

Tumeshaonja jambo hilo kwa kiwango cha taifa. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei hapa ilishuka hadi watu wakakosa hata gharama ya mbolea, na ghala la hifadhi ya chakula la taifa haliwezi kununua ya kila mtu. Hebu fikirini kila mkoa ukiwa na uwezo wa kufanya hivyo mwaka wa njaa. Bei moja nchi nzima aliyoisifu Mzee iliwezekana kwa sababu mwamuzi alikuwa mmoja.

Ninachokubaliana nacho ni kwamba wale wakulima wa Saskatchewan walianza na umoja wao. Hapa kwetu tuna AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, na vikundi vingi, lakini vingi huundwa kwa ajili ya kupokea pembejeo, na pembejeo zikiisha kikundi hulala.

MsomajiWaHistoria amejibu:

Mama, hofu yako ina msingi, na katiba ile ya Kanada iliiona mapema. Kifungu cha 121 kinataka bidhaa za jimbo moja ziingie majimbo mengine bila ushuru wa forodha, na biashara kati ya majimbo ni mamlaka ya shirikisho. Waziri wa kilimo wa jimbo hawezi kuweka geti la kutoza ushuru wa ngano mpakani mwa Manitoba. Hata hivyo majimbo yamepata njia zao za kulinda wakulima wao, kwa mfano mgawo wa uzalishaji wa maziwa ambao kila jimbo hupewa na bodi yake husimamia, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba soko lao la ndani ni huru kabisa.

Nadhani pia tusichanganye bei na ugani. Bei na mipaka vinahitaji mwamuzi wa taifa, hilo nakubali. Lakini kujua kwamba udongo wa Mbozi una tindikali na unahitaji chokaa, kwamba viazi vya Uporoto vinapata ukungu kabla ya mahindi ya Mbarali kupata kiwavi, kwamba Kyela inafurika wakati Usangu inagombania maji ya Ruaha, hayo hayahitaji kusubiri hotuba ya bajeti ya Dodoma. Motherwell alikuwa na nguvu katika mambo ya aina hiyo, na nguvu yake ilitokana na kuwa na bajeti iliyopitishwa na watu wa jimbo lake.

BwanaShambaMstaafu amejibu:

Mama Makambako amenena, lakini naongeza neno moja. Wakati wa Madaraka Mikoani mwamuzi alikuwa karibu na shamba kuliko wakati wowote, na bado mkulima hakusikilizwa. Ukaribu peke yake si dawa. Afisa aliyeteuliwa kutoka juu akikaa jirani na wewe, kinachoongezeka ni urahisi wake wa kukutembelea na fomu.

MkulimaWaUporoto ameandika:

Nawashukuru sana, hasa Mzee wangu wa Iringa na Mama wa Makambako. Nimeelewa kwamba kile ambacho kwa wenzetu kinakaa ofisi moja, kwetu kimegawanywa: ushuru na bwana shamba vipo halmashauri, usimamizi upo kwa Mkuu wa Mkoa, sera na mbolea vipo wizarani, na mizani ipo Wakala wa Vipimo ambao hauko hata chini ya Wizara ya Kilimo.

Wakili, nirudi kwenye lumbesa yangu. Kwa muundo huu tulionao, bila kusubiri katiba nyingine, nianzie wapi?

WakiliWaForest amejibu:

Kufungasha kwa lumbesa ni kosa tayari chini ya sheria ya vipimo, kwa hiyo huombi sheria mpya, unaomba itekelezwe. Anzeni kama kikundi, si wewe peke yako, na mpeleke hoja kwa maandishi kwa mtendaji wa kata ili iingie katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu. Diwani aipeleke kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia uchumi, na kutoka hapo kwenye baraza la madiwani, linalokutana kila robo mwaka.

Mkidai jambo moja tu, dai liwe hili: halmashauri itenge vituo vya kuuzia viazi vyenye mizani, na ushuru wake utozwe kwa kilo badala ya gunia. Hapo halmashauri yenyewe inakuwa na sababu ya kuchukia lumbesa, kwa sababu gunia lenye kichwa linapotozwa ushuru wa gunia moja, halmashauri nayo inaibiwa pamoja na mkulima. Hoja ya namna hiyo madiwani huisikia haraka kuliko malalamiko ya jumla.

Tatizo litakuwa halmashauri jirani. Nyie mkikaza na jirani akilegeza, lori litahamia kwake. Hapo ndipo mkoa unapohitajika, na chombo chake ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa na kuwakutanisha wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri na wabunge. Ni chombo cha ushauri, lakini Mkuu wa Mkoa akishaafikiana humo na wenyeviti wa halmashauri zote zinazolima viazi, anaweza kuwaagiza Wakala wa Vipimo na polisi wa barabarani wasimamie siku ile ile katika wilaya zote. Mwombeni mbunge wenu aiweke hoja hiyo kwenye ajenda kabla ya mavuno kuanza, maana lori la kwanza likishapakia, bei ya msimu imekwisha kupangwa.

MamaWaMakambako amejibu:

Na Njombe mtushirikishe, maana wanunuzi ni wale wale. Mkikubaliana huko Uporoto peke yenu, wiki hiyo hiyo watakuwa hapa kwetu na nyavu zao.